Mazoezi, Mazoea na Kiti cha Mgonjwa wa Moyo

Aghalabu mtu aliyenusurika mshtuko wa moyo hurejea nyumbani na kukuta ametengewa kiti. Jamaa humpokonya ufagio, ndoo, hata kikombe alichonuia kukisuuza; neno analolisikia kutwa kucha ni "pumzika". Huruma hiyo chimbuko lake ni utu, wala haistahili kubezwa. Hata hivyo, yaweza kumdhuru anayehurumiwa.

Utabibu wenyewe uliwahi kushikilia imani iyo hiyo. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, wagonjwa wa aina hii walilazwa kitandani kwa wiki kadhaa. Mnamo 1952, Samuel Levine na Bernard Lown wa Boston, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwaketisha wagonjwa vitini badala ya kuwalaza. Kiti, basi, kiliingia katika tiba ya moyo kikiwa hatua ya kuelekea kusimama. Mwaka uliofuata, Jerry Morris na wenzake walibainisha kwamba madereva wa mabasi ya London, walioketi zamu nzima, waliugua maradhi ya mishipa ya moyo zaidi ya makondakta waliopanda na kushuka ngazi za mabasi hayo ya ghorofa.

Leo, mgonjwa mwenye bahati ya kupata huduma ya kurejeshewa nguvu baada ya matibabu hufanya mazoezi chini ya usimamizi; tuseme saa moja, mara tatu kwa wiki. Wiki ina saa 168. Ukitoa usingizi, husalia saa zaidi ya 100, na anaweza kuhudhuria kila kipindi ilhali saa hizo anazimalizia kitini. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2020 haukukomea kwenye dakika 150 hadi 300 za shughuli ya wastani kwa wiki. Uliwahimiza pia watu wazima, wenye maradhi sugu wakiwemo, wapunguze muda wa kuketi.

Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapohusika. "Zoezi" na "zoea" ni maneno ya shina moja, lakini katika matumizi yametengana: mazoezi yamekuwa tukio lenye saa yake na mavazi yake, na ajuza anayeambiwa "fanya mazoezi" huwaza uwanja wa michezo. Aambiwe, kwa mujibu wa uwezo aliopimiwa na daktari, ainuke kila baada ya muda mfupi, amwagilie mboga, aende dukani kwa mwendo unaomruhusu kuzungumza ila si kuimba, na asite akihisi maumivu ya kifua, ataelewa. "Pumzika" nalo lina mitego. Tabibu hulitamka akimaanisha "usibebe gunia". Nyumbani hufasiriwa "usiinuke". Na "kaa nyumbani"? Kitenzi kinachobeba kuishi na kuketi kwa pamoja hakimsaidii mgonjwa kutofautisha.

Kozi za tafsiri vyuoni zinapenda hotuba na riwaya, jambo jema, lakini kijikaratasi cha kliniki kinaweza kuamua iwapo msomaji wake ataishi. Mwanafunzi anayesaka mada ya tasnifu angeomba idhini, akanakili maneno anayoambiwa mgonjwa siku ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, kisha baada ya wiki moja akamuuliza aliyaelewaje, na tangu asubuhi ile ameketi kwa saa ngapi.