Pembeni ya maporomoko kuna mama

Juma hili tutembee mbali kidogo, hadi nchi ya Norwe. Huko kuna fiodi, ndiyo mikono myembamba ya bahari inayoingia ndani katikati ya milima mirefu. Barafu za zamani zilichimba mabonde hayo, kisha bahari ikayajaza.

Mmoja wa watu walioonyesha ulimwengu mahali hapo ni mpiga foto Knud Knudsen (1832–1915), wa mji wa Bergen. Alipoanza, miaka ya 1860, foto ilichukuliwa juu ya kioo. Kioo kilipakwa dawa, kikatumiwa kikiwa bado kibichi, kikasafishwa palepale gizani. Basi mpiga foto alibeba hema, chupa za dawa na vioo vizito hadi kijijini.

Katika Geirangerfjord kuna maporomoko yanayoitwa Dada Saba. Mikondo saba inashuka jabali moja, na mrefu kupita yote unazidi mita 200. Wageni wanapita na meli, wanapiga foto, wanaenda zao. Lakini tutazame vizuri pembeni. Juu ya ukingo wa jabali kuna nyumba chache za mbao: ni Knivsflå. Ng'ambo ya maji kuna Skageflå. Watu waliishi huko, wakafuga mbuzi, wakalea watoto. Inasimuliwa kwamba wamama waliwafunga wadogo kamba ili wasianguke majini.

Knivsflå iliachwa mwaka 1898, kwa kuogopa mawe yaliyoning'inia juu yake. Hofu hiyo haikuwa ya bure. Mwaka 1934, si mbali na hapo, mlima ulimeguka ukaangukia fiodi ya Tafjord, na mawimbi yakaua watu 40. Skageflå nayo iliachwa mwaka 1916.

Leo kila mtu anajua jina la maporomoko. Jina la mama aliyeshika kamba, nani analijua?

Wengi wetu pia tumeacha vijiji vyetu, na foto tulizobaki nazo ni chache. Tusingoje. Tuchukue kalamu, tuandike nyuma ya kila foto: huyu ni nani, ni kijiji gani, mwaka gani, alikuwa akifanya kazi gani. Pale tusipokumbuka, tuwaulize wazee wakingali hai. Siku ya mkutano, kila mama alete foto moja, atueleze watu waliomo. Watoto wetu wasirithi mlima mtupu.