Mwanafunzi si Mgeni Wodini

Kuna hoja inayonikera kila inaporudi: kwamba korona ilituonyesha kuwa kada za afya shirikishi zinaweza kusomeshwa kwa simu. Imerudiwa kwenye makongamano hadi inakaribia kugeuka sera. Nadharia, sawa. Lakini mwanafunzi wa fiziotherapia anapokinyoosha kiwiko cha mgonjwa wa kiharusi, kuna mahali msuli hukaza ghafla, kisha ukaachia. Hapo mkufunzi huweka kiganja chake juu ya kiganja cha mwanafunzi na kumwuliza, "Umeusikia?" Kusikia huko ni kwa mkono, na hakuna video inayokufikisha.

Ugomvi wangu mkubwa lakini si na simu, ni na uamuzi uliotangulia. Mgonjwa wa kwanza Tanzania alitangazwa Machi 16, 2020. Siku mbili baadaye vyuo vikafungwa, visifunguliwe hadi Juni 1, na mwanafunzi wa maabara akaenda nyumbani sawa na wa uhasibu. Wodini alihesabiwa pamoja na waliokuja kutazama wagonjwa. Hofu ya siku zile naielewa, na barakoa kweli zilikuwa haba. Ila ugonjwa wenyewe ulikuwa unaililia mikono hiyo hiyo: ya kuchukua sampuli puani, ya kupiga picha ya kifua, ya kumgeuza mgonjwa alale kifudifudi apate pumzi. Wa mwaka wa mwisho, aliyebakiza miezi michache aajiriwe kwa kazi hizo, alikuwa kijijini kwao. Aliporudi tukahangaika kufidia saa, kana kwamba saa na umahiri ni kitu kimoja.

Makala ya maabara katika toleo hili inatetea darubini za kidijitali. Sikubaliani nayo, isomeni. Ya mionzi ni fupi na nzuri. Kurasa nyingi nimewapa wakufunzi wa vitendo, kwa kuwa wanauliza linalokwepwa: mlipuko ukitangazwa, ni nani mwenye wajibu wa kumpa mwanafunzi glavu, bima, chanjo na msimamizi? Chuo au hospitali?

Marburg ilitangazwa Kagera Machi 2023, ikatangazwa tena huko huko Januari 2025. Wakuu wa vyuo, ifungueni mikataba yenu na hospitali sasa, mkamwandike mwanafunzi humo kwa kada yake na kwa kazi atakayoshika siku hiyo.