Sheria ya Ujenzi Isomwe na Mjenzi

Sipingi kibali cha ujenzi. Jengo lililoporomoka Huruma, Nairobi, mwezi Aprili 2016 na kuua watu zaidi ya 40 lilitufunza gharama ya kupuuza sheria. Lakini mwananchi ataitii vipi sheria asiyoweza kuisoma?

Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 humtoza anayejenga bila kibali faini isiyozidi shilingi 500,000, kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote viwili. Sheria iyo hiyo yasema kuwa ombi lisipojibiwa kwa maandishi katika siku 60, kibali huhesabiwa kuwa kimetolewa. Adhabu hujulikana, maana askari wa kaunti huileta mlangoni. Haki ya siku 60 imebaki katika Kiingereza cha mawakili.

Nikiwa mwanaisimu, nauliza: Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kilikifanya Kiswahili lugha rasmi kwa faida ya nani? Serikali za kaunti na zichapishe fomu, ilani na masharti ya ujenzi kwa Kiswahili sanifu, na mwenye nyumba aelezwe haki yake kabla ya kudaiwa faini.