Bei ya etiketi

Sisi tunaosoma lugha tunafundishwa mapema kwamba jina si kitu chenyewe. Biashara ya divai ghali inaishi kwa kutusahaulisha jambo hilo.

Mwaka 2008, huko New York, chupa za Clos Saint-Denis zenye jina la Domaine Ponsot wa Bourgogne, Ufaransa, ziliingizwa mnadani. Moja iliandikwa 1945. Laurent Ponsot alisafiri hadi huko, zikaondolewa: familia yake ilianza kutengeneza divai hiyo miaka ya 1980 tu. Jina na mwaka havikupatana, kama kiima na kitenzi vilivyokosana. Aliyezileta, Rudy Kurniawan, alikamatwa mwaka 2012, akahukumiwa miaka 10 jela. Nyumbani kwake zilikutwa etiketi kwa maelfu.

Watu humlaumu yeye peke yake. Mimi nawauliza pia wenye mnada: walisoma nini? Na matajiri waliokunywa divai zake wakazisifu, walionja nini? Kama ulimi haukuona tofauti, walilipia karatasi. Wauzaji hawalipendi swali hili, maana linagusa hata chupa za kweli: katika bei yake, divai ni kiasi gani?