Kiti cha magurudumu kinunuliwe kwa vipimo

Nawaandikia wenzangu wa Bujumbura wanaojichanga kumnunulia ndugu yao kiti cha magurudumu. Mara nyingi tunaangalia bei, na mwenyewe tunamwacha nyumbani. Hapo ndipo pesa zinapopotea.

Viti vingi vya bei nafuu vimetengenezwa kwa sakafu laini ya hospitali. Magurudumu yake ya mbele ni madogo na magumu. Kwenye mchanga na mawe ya mitaa yetu yanakwama, na mtu anarushwa kifudifudi. Tafuteni kiti chenye magurudumu ya mbele makubwa na mapana, na tairi za nyuma za kujazwa upepo, ambazo fundi baiskeli yeyote wa Buyenzi anaweza kuziziba pancha. Skuta ya umeme ni nzuri, lakini umeme ukikatika haichajiki, na mtu anabaki ndani.

Mpimeni nyonga akiwa amekaa, maana kiti kipana kupita kiasi humpinda mgongo. Mto mzuri wa kukalia nao si anasa: asiyehisi sehemu ya chini ya mwili hupata vidonda vya mgandamizo, na vidonda hivyo vinaweza kuua.

Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaotaka mtumiaji apimwe, kiti kirekebishwe kimfae, kisha afundishwe kukitumia. Burundi nayo iliridhia mkataba wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2014. Kwa hiyo nawaomba wanaogawa viti vya msaada: wapimeni watu kwanza, na mtuachie vipuri.

Msomaji wenu,
Buyenzi, Bujumbura