Tuote Moto Bila Kujiua
Kila Julai, baridi ikishika Limuru na Nyahururu, kuna wanaolala na jiko la makaa chumbani, madirisha yamefungwa. Hewa ya kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu. Humwua mtu usingizini. Na hayo makaa, tanuru la udongo limeshapoteza zaidi ya nusu ya nguvu ya kuni! Huku mikaratusi imesongamana mashambani bila kupunguzwa, ilhali ikikatwa vizuri huchipuka tena kwenye kisiki. Kuni zake zipasuliwe, zianikwe miezi kadhaa (mbichi ni moshi mtupu), zichomwe katika jiko lenye bomba la kutoa moshi nje. Bomba ni gharama, kweli, jeneza je? Maafisa wa misitu wawafunze wenye mashamba kabla ya baridi ijayo.