Ruangwa Iliambiwa Kweli

Mwezi wa Julai 2022 hofu iliingia Wilaya ya Ruangwa. Watu walishikwa na homa, vichwa vikawauma, miili ikalegea, na damu ikawatoka puani. Damu ya puani huwatosha wengi kuwaza Ebola. Na habari ya namna hiyo huitangulia lori lolote katika barabara ya Nanganga.

Serikali ilisema kabla haijajua. Tarehe 12 Rais Samia Suluhu Hassan aliutaja hadharani ugonjwa huo usiojulikana. Kesho yake Mganga Mkuu wa Serikali alieleza: wagonjwa 13, waliokufa 3, na vipimo vya Ebola, Marburg na korona havikuonyesha kitu. Tarehe 18 Waziri wa Afya, Ndugu Ummy Mwalimu, alitangaza akiwa Lindi kwamba ni homa ya mgunda. Wagonjwa walikuwa wamefika 20.

Twalisifu jambo hili. Kunena "bado hatujui" ni kazi nzito kwa mwenye cheo. Na ugonjwa ulipopata jina, hofu iligeuka kuwa shauri: vijidudu vyake hutoka katika mkojo wa panya na wanyama wengine, hukaa majini na matopeni, humwingia mkulima kwa michubuko ya miguu, basi avae viatu, achemshe maji, awahi hospitali, kwa kuwa dawa ipo.

Hatukuwa hivi siku zote. Mwezi wa Mei 2020 taifa liliambiwa kwamba papai na mbuzi wamepimwa na kuonekana wana korona. Maabara ikashukiwa, hesabu za wagonjwa zikakoma kutangazwa, wala wananchi hawakupewa kipimo kingine cha kukitegemea. Chanjo ilipozinduliwa tarehe 28 Julai 2021, Rais akiwa wa mbele kuchanjwa, tulishangaa nini watu waliposita? Tulikwisha kuwafundisha kushuku.

Hata Januari 2025, Wizara ilisema kwanza kwamba vipimo vya Kagera havikuonyesha Marburg. Tarehe 20 Rais akatangaza kuwa mgonjwa mmoja amepatikana. Kubadili neno baada ya kipimo kipya si aibu, ila mwananchi aelezwe kilichopimwa, na lini.

Kwa hiyo twawaomba viongozi wa matawi na mabalozi wa nyumba kumi wa Nachingwea na Ruangwa: homa ngeni ikitokea, msingoje redio wala msibuni. Nendeni zahanati, mwulizeni mganga anachojua na asichokijua, mkawasomee watu yote mawili.